Kumrithisha Kimondo

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba

Niwie radhi, shajara. Tangu Pasaka sijaandika neno. Sababu ni goti. Najua mtu huandika kwa mkono, si kwa goti. Lakini kila nilipoketi mezani nilijikuta naandika habari za goti, na hayo si maandishi yanayomstahili mwalimu mstaafu wa lugha.

Leo yapo ya kuandika. Don Nabor, promota wetu wa mieleka hapa mjini Apizaco, aliniita ofisini kwake nyuma ya ukumbi. Akanimiminia kahawa. Dalili mbaya. Akasema nikiruka, goti langu linasikika mpaka viti vya nyuma. Akasema Kimondo, jina langu la ulingoni, ni wa watu na lazima aendelee, ila si lazima aendelee nami. Jumapili nipande ulingoni, niwaage mashabiki, nimvalishe mrithi barakoa ya buluu mbele ya wote. Mrithi nimchague mwenyewe.

Miaka thelathini na minane nimekuwa Kimondo! Na hakuna ajuaye isipokuwa mke wangu Hermelinda, Don Nabor na mahasimu wawili watatu. Kila Jumapili Mwalimu Eleuterio Cuamatzi huingia na begi katika choo cha stesheni ya treni. Anayetoka ni Kimondo. Siri haijapata kuvuja. Mwaka juzi mama anayeuza tamale za unga wa mahindi mlangoni mwa ukumbi alimwambia Kimondo amsalimie Hermelinda na kumpa pole ya jino. Nilishtuka. Baadaye nikatambua kwamba mama yule humsalimu kila mtu.

Nilikubali upesi, hata Don Nabor akanikodolea macho. Kahawa haijapoa nilikuwa nimeshapata mpango. Nitamchagua mrithi mbaya kuliko wote. Atavurunda, atazomewa, na watu wenyewe watadai Kimondo wao wa zamani arudishwe. Mpango safi. Hauna tundu hata moja.

Jumatano, tarehe 4 Oktoba

Nimempata. Casimiro Tecuapacho, mtembeza mitungi ya gesi. Nilimfundisha darasa la nne, mara mbili. Mabega ya fahali, moyo wa kondoo. Anaogopa ngazi: wateja wa ghorofani hulazimika kuteremka wenyewe na kupokea mtungi barazani. Tena akipaza sauti kunadi gesi, mtaa wa pili wanamtambua. Siri haitadumu wiki.

Nilimketisha jikoni, nikafunga dirisha, nikamfunulia kwamba mimi ndiye Kimondo. Akamtazama Hermelinda. Kisha akasema, "Loo, Mwalimu. Nani angedhani." Alishangaa mno, masikini, hata mshangao wenyewe ukakataa kutoka usoni. Hermelinda alishikwa na kikohozi, akageukia sufuria.

Nilipomwambia kwamba amechaguliwa, alilia. Akauliza kwa nini yeye. Nilimjibu kwamba nimeona ndani yake kitu ambacho sijakiona kwa mwingine. Sikusema uongo.

Mazoezi yakafuata alasiri. Kila Kimondo lazima ajue kuruka kutoka kamba ya juu. Casimiro alipanda kamba ya kwanza. Akapanda ya pili. Hapo akaukumbatia mlingoti wa kona na kuniomba nimpe nafasi ya kusali. Nilifurahi sana, nikamwambia asiharakishe.

Alipoondoka niliitoa barakoa sandukuni ili niisafishe. Nikaishika muda mrefu kuliko usafi ulivyohitaji. Mwalimu Eleuterio hupita njia ya mbali kumkwepa mbwa wa jirani. Soko lilipoungua, Kimondo alisimama mbele ya wote akipokezana ndoo mpaka nyusi zikababuka ndani ya kitambaa. Mwili ni mmoja. Nimejiuliza ujasiri ule hukaa wapi barakoa ikiwa sandukuni. Sikupata jibu. Nikaikunja.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Nilivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, ili nikivua ile ya juu uso usionekane. Nikawaaga. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nilifika katikati ya utangulizi, nikaishia hapo. Nikamvalisha Casimiro. Kichwa chake ni kikubwa. Mshono mmoja uliachia.

Pambano lake la kwanza lilikuwa dhidi ya kijana wa kundi la wakorofi, wale wanamieleka wa kuzomewa, mjukuu wa hasimu wangu Daktari Mauti. Casimiro alipanda kamba ya kwanza, ya pili, akaukumbatia mlingoti. Nilimwomba Mungu Casimiro aanguke. Mungu anisamehe, niliomba aanguke taratibu.

Hakuanguka. Aliteremka. Akamwendea yule kijana, akamtia begani kama mtungi wa gesi, akazunguka naye ulingo mzima akiwauliza mashabiki kwa mikono ampeleke nyumba gani. Kila safu ikaita kwamba ni kwao. Mwisho akamlaza sakafuni kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Refa akahesabu. Moja, mbili, tatu. Watu walipiga kelele mpaka vumbi likadondoka darini. Mzee mmoja alianza kuita "Ge—", mkewe akamfinya, akamalizia kwa kuita "Kimondo!" Sijui alitaka kusema nini.

Hakuzomewa. Hata kidogo.

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba

Sokoni leo watoto walikuwa wakibebana mabegani. Zamani walikuwa wakiruka kutoka juu ya mapipa, kwa mtindo wangu. Nilimwambia mmoja kwamba kubebana ni hatari. Akanijibu kwa adabu kwamba kuruka ndiko kulikomvunja mkono kaka yake.

Hermelinda amerudi kutoka wodi ya watoto, anakojitolea kusoma hadithi. Anasema Kimondo mpya alifika. Yuko mtoto wa kike, Itzel, mguu wake umefungwa plasta tangu Agosti. Kimondo alishindana naye mieleka kwa vidole juu ya shuka, akashindwa, akajibwaga sakafuni. Wauguzi wakahesabu mpaka tatu. Itzel alicheka mpaka akakohoa.

Nilimweleza Hermelinda kwamba Kimondo hajapata kushindwa katika hospitali yoyote. Aliniambia, "Ndiyo, Mzee. Wewe ulikuwa ukiwapa picha yenye sahihi na kuwahimiza kula mboga."

Nimelifikiria hilo jioni yote. Walikuwa wakinishukuru vizuri. Sikumbuki aliyecheka.

Alhamisi, tarehe 12 Oktoba

Sikubali. Nina mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza kwa kuwa haumtegemei mtu mwingine.

Nitarudi ulingoni kama mkorofi mpya, asiyejulikana. Nitamtangazia Casimiro pambano la barakoa dhidi ya barakoa. Atakayeshindwa huvuliwa hadharani, hutaja jina lake, alikozaliwa na miaka yake ulingoni. Goti ni bovu, lakini Casimiro hatathubutu kuruka, nami namjua nje ndani: tangu darasa la nne ukimkazia macho anasahau jibu. Nitamshinda. Atavua barakoa yangu. Nitaichukua niende nayo nyumbani.

Jina langu litakuwa Adhabu. Fupi, la heshima, linatisha. Hermelinda ameikata barakoa kutoka kitambaa cha meza cha zambarau tulichopewa harusini. Aliuliza kama nina hakika. Akasema, "Mzee, goti zima umebakiwa nalo moja tu." Nikamjibu kwamba moja linatosha, maana sikusudii kukimbia. Akaendelea kushona. Alipofika kwenye matundu ya macho aliniambia nitulie, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Nikatulia.

Jumapili, tarehe 15 Oktoba

Nimefaulu! Casimiro alikuwa bado anawapungia mashabiki mkono nilipopanda ulingoni bila kukaribishwa, joho jeusi, barakoa ya zambarau. Nikanyakua kipaza sauti. Nikamwita Kimondo bandia, mbeba mizigo, aibu ya rangi ya buluu. Nikamtangazia pambano. Casimiro alitikisa kichwa kukubali, pole pole, kama mtu aliyeulizwa jedwali la kuzidisha kwa saba.

Walinizomea ukumbi mzima. Sijapata kuzomewa tangu nizaliwe. Kuna joto fulani ndani yake; sasa naelewa kwa nini wakorofi hawanenepi.

Don Nabor alinipa mkono na kuahidi mabango mji mzima. Wakati natoka, mama wa tamale alimshauri Adhabu asisimame kwenye upepo akiwa na jasho, kwani kifua chake hakijakaa sawa tangu ile homa ya Machi. Nikamshukuru kwa sauti nzito. Mama yule ana huruma hata kwa wageni.

Jumamosi, tarehe 21 Oktoba

Nimekula chakula cha mchana mjini Huamantla na Plutarco, ambaye ulingoni alikuwa Daktari Mauti. Sisi ni mahasimu wa maisha, kwa hiyo hatuwezi kuonekana pamoja. Tangu ujana tunakutana katika mgahawa huu, meza mbili zilizogusana, tumepeana migongo. Hivyo ndivyo tulivyopeana habari za harusi, za wajukuu, za kifo cha mkewe. Uso wake nauona mazishini tu.

Nilimweleza mpango. Kisha nikamsikia akiweka kijiko chini.

"Ukishinda je?"

Nikasema Casimiro atavuliwa, nami nitairudisha barakoa nyumbani.

"Halafu itavaliwa na nani?"

"Nami."

"Eleuterio, ndugu yangu, wewe ndiye uliyewafundisha watoto wa watu kusoma? Barakoa iliyopotezwa ulingoni haivaliwi tena. Si na aliyeipoteza, si na aliyeishinda, si na mtoto wake. Unaijua sheria hiyo tangu hujaota ndevu. Ukishinda kesho, Kimondo kafa. Na muuaji ni wewe, umevaa kitambaa cha meza."

Nilimwambia kwamba hilo nalijua. Na kweli nalijua. Ila siku zote nililijua kama sheria ya watu wengine.

Nilifikiria kujitoa. Lakini anayejitoa huvuliwa mlangoni kama mwizi wa kuku, na Kimondo mpya angebaki na ushindi ambao hata yeye angeuonea haya. Watu wangesema alinusurika, hakushinda. Barakoa haiendi mbali kwa kunusurika.

Basi hapana njia. Lazima nishindwe, tena vizuri. Plutarco alisema, bila kugeuka, kwamba kazi hiyo itanifaa. Nimemwachia alipe chakula.

Jumatatu, tarehe 23 Oktoba

Mkono unauma lakini nitaandika.

Jana ukumbi ulijaa tangu mchana. Mimi na Casimiro tulikumbatiana katikati ya ulingo kama ilivyo desturi, naye akavuta pumzi puani. Dawa ya kuchua goti. Nilikuwa nimesahau harufu.

"Mwalimu?" akanong'ona.

Nikakana kwa sauti nzito. Kengele ikalia.

Nilimgusa kifuani kwa kiganja, nikimpa nafasi anishike mkono na kunitupa. Akaruka nyuma kana kwamba amepigwa na treni. Akalala. Nikamsubiri ainuke. Haikuwa kawaida yake kulala. Refa akapiga magoti ahesabu. Ikabidi nijikwae makusudi na kumwangukia refa ili asifike tatu. Ndipo nikajilaza mimi, mabega yote mawili chini, waziwazi. Casimiro akaja, akajilaza kando yangu. Tukawa wawili tunatazama dari. Refa aliuliza kama tunahitaji blanketi.

Watu wakaanza kunung'unika. Kidogo tu, lakini niliusikia ule mnung'uniko. Ndio huo unaomaliza jina. Nilimvuta, nikampiga kabali, mdomo wangu ukawa sikioni mwake.

"Inuka unitupe."

"Siwezi, Mwalimu. Ichukue tu. Ni yako. Mimi uliniazima."

"Ukishindwa siipati mimi wala wewe. Haivaliwi tena. Kimondo amekwisha, umesikia? Amekwisha leo."

Alitulia chini ya mkono wangu.

"Kule wodini Itzel alinibana," akasema. "Nikamwahidi akikua ni zamu yake kuivaa."

Sikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimebishana, nimepanga, nimeshonewa kitambaa cha meza, na wakati huo wote barakoa ilikuwa imekwisha kutoka kwangu, imepita kwake, imefika kitandani kwa mtoto ambaye hata kusimama hawezi. Mimi nilikuwa nikiivuta upande ambao hapana tena mtu.

"Basi usimwangushe," nikamwambia. "Niangushe mimi."

"Samahani, Mwalimu."

Akanyanyuka nami. Nikajikuta begani. Hakuzunguka kuuliza nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akapanda kamba ya kwanza, ya pili, na mimi juu yake. Akapanda ya tatu. Alisali, nilimsikia. Akaruka.

Alijigeuza hewani ili tuangukie upande wa goti langu zima. Mbavu mbili hazikukubaliana na uamuzi huo. Moja, mbili, tatu.

Kisha desturi. Kamba za nyuma ya kichwa zilifunguliwa na Casimiro mwenyewe, vidole vizito, kwa upole mkubwa. Kitambaa kikatoka. Mara ya kwanza uso wangu kuuona ukumbi ule kutoka ulingoni. Taa ni kali kuliko nilivyojua. Nyuso nazo zilikuwa karibu. Nusu yao niliwafundisha kuandika majina yao.

Don Nabor akaniletea kipaza sauti. Hakunitazama machoni. Jina, mahali, miaka.

Nikasema: Eleuterio Cuamatzi. Nikasema: mzaliwa wa Apizaco.

Miaka. Nilikuwa nayo mdomoni. Thelathini na minane, na kila mmoja una kovu lake. Lakini ningeitaja, mtoto yeyote angejumlisha, na kuanzia siku hiyo Kimondo angekuwa na uso. Angekuwa mzee mwenye goti, anayeogopa mbwa wa jirani. Nilitazama barakoa ya buluu pembeni yangu. Mshono umeshonwa upya.

"Ulingoni," nikasema, "nina wiki moja."

Hakuna aliyecheka. Nikadhani kipaza sauti kimeharibika. Kisha mama wa tamale akasimama katika safu ya kwanza, aproni yake bado kiunoni.

"Kwa wiki moja, Mwalimu," akasema, "umejitahidi sana."

Wakasimama wote. Wakapiga makofi, wakaendelea, wakaendelea tena. Plutarco alikuwa amekaa kwenye ngazi, amenielekea, uso wake mtupu mbele ya watu wote. Kwa kusahau, nadhani. Sijaelewa kwa nini wamfanyie hivyo mwanafunzi wa wiki moja. Casimiro aliuinua mkono wangu. Nilimwacha auinue.

Nyumbani Hermelinda alinifunga mbavu kwa kitambaa kilichobaki cha zambarau. Alipomaliza aliniwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Alhamisi, tarehe 26 Oktoba

Gazeti la hapa mjini limeandika. Kimondo, nusu ukurasa, na picha akiwa hewani. Chini yake, mistari miwili: Adhabu, mgeni katika mieleka, ameonyesha dalili njema kwa anayeanza.

Dalili njema!

Nimeisoma mara kadhaa. Wana haki. Kwa anayeanza, nilikuwa na mpangilio mzuri. Kama si mbavu ningeinuka. Na Casimiro, nisiseme uongo, ule mruko wake ulikuwa mbichi. Kidevu juu mno, magoti yameachana. Mtu aliyeichukua barakoa namna ile hawezi kusema ameichukua kikamilifu. Nimelala kitandani siku tatu nikilitafakari kwa utulivu, bila wivu, na nimepata mpango ambao hauna tundu hata moja.

Asiye na barakoa huweka rehani nywele. Ni halali kabisa: nywele dhidi ya barakoa. Nikishindwa, nanyolewa ulingoni, basi. Nikishinda, Casimiro atavua ile ya buluu, nami nitaichukua niende nayo nyumbani.

Nilimweleza Hermelinda. Aliuliza, "Nywele zipi, Mzee?"

Hilo ni jambo la utekelezaji. Plutarco naye amepiga simu, sijui nani alimwambia, akaniuliza swali lake lile lile: nikishinda, itavaliwa na nani? Nimemjibu kwamba tutalizungumza nikishinda. Akakata simu. Nadhani mtandao.

Don Nabor anataka jibu kabla ya sikukuu ya wiki ijayo, Siku ya Wafu, ili awahi mchapishaji. Bado sijaamua kama nifuge zile za kisogoni nizilaze mbele, au nimshawishi akubali masharubu. Nikishaamua nitaandika.